Picha ya Tope Litokotalo

Kijana mmoja katika wanafunzi wetu alitujia na picha iliyopigwa katika hifadhi ya Yellowstone, nchi ya Marekani. Ni picha ya tope zito la kijivu linalotokota mfano wa uji katika sufuria. Kiputo kimoja kimepasuka, na matone yake yamesimama hewani. Akatuuliza, “Maalim, aliyeipiga alisogea kadiri gani?” Swali hili ni zuri, na jawabu lake yafaa lijulikane katika kila nyumba yenye kijana na kamera.

Hifadhi ile ilitengwa mwaka 1872, na ndani yake mna chemchemi za moto, matundu ya mvuke na madimbwi ya tope zaidi ya 10,000. Chini yake mna miamba yenye joto kubwa mno, nayo huyachemsha maji ya mvua na theluji yaliyozama ardhini. Mahali penye maji machache hupanda mvuke pamoja na hewa yenye harufu ya mayai viza. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza hewa hiyo kuwa tindikali, nayo tindikali hulila jiwe hata likawa udongo laini. Mvuke upenyapo katika udongo huo, ndipo viputo vinapofura na kupasuka.

Ardhi iliyo kando ya madimbwi hayo huonekana kavu na imara, ilhali mara nyingi ni ganda jembamba lililofunika maji yanayounguza. Kwa sababu hiyo zimewekwa njia za mbao, na sharia imekataza kuziacha. Mwezi wa Juni mwaka 2016 kijana mmoja aliiacha njia pamoja na nduguye mahali paitwapo Norris, akateleza, akaanguka katika chemchemi. Nduguye alikuwa akichukua picha kwa simu. Waokozi waliporudi siku ya pili hawakuukuta mwili.

Basi jawabu ni hili: mpiga picha stadi hubaki juu ya mbao, akatumia lenzi ndefu ivutayo vitu vya mbali. Huipa kamera yake kasi kubwa, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, ili matone yaonekane yamesimama. Hutazama upepo, akangoja mvuke uelekee upande mwingine. Tone likirukia lenzi hulifuta upesi, kwani maji yale yana madini yanayoganda juu ya kioo. Kisha husubiri, kwa kuwa kiputo kimoja kikipasuka, kingine hufuata.

Walakini, hata juu ya mbao yapasa mtu awe macho. Tarehe 23 Julai 2024, mahali paitwapo Biscuit Basin, maji na mawe yaliripuka ghafula, watu wakakimbia na njia ikavunjika, hapana aliyeumia.

Nasi huku kwetu tunazo chemchemi kama hizo. Kando ya Ziwa Bogoria, nchini Kenya, maji hutokota na kuruka juu, na vijana wetu huenda huko na simu mikononi. Enyi wazazi, msiwakataze kwenda kutazama. Waelezeni tu, kabla hawajatoka nyumbani, kwamba picha iliyokosekana leo hupatikana kesho, na mguu uliozama katika maji yale haurudi kama ulivyokuwa. Mwanafunzi wetu alipoyasikia haya aliitazama tena picha yake, akasema, “Kumbe alikuwa mbali.”