Mwaridi Hulazwa Ndipo Uchanue

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari za mwaridi uliotoka China, ukapita London na Scotland, ukafika nchi kavu ya Arizona kule Marekani ukiwa vipande vya matawi ndani ya sanduku. Hivi leo watu huketi chini yake wakati wa adhuhuri na jua lisiwafikie.

Mwaka 1807 mtunza bustani mmoja, William Kerr, alikuwa Guangzhou, mji wa bandari wa kusini mwa China. Alitumwa huko na bustani ya kifalme ya Kew, iliyoko London, atafute mimea ambayo Waingereza hawakuwa nayo. Miongoni mwa aliyoipeleka kulikuwa na mwaridi wenye maua meupe madogo, yaliyojaa petali, yanayochanua kwa vishada. Ukapewa jina la Dorothea, mke wa Joseph Banks, bwana aliyezunguka dunia pamoja na Nahodha James Cook na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa mambo ya Kew. Wapenda maua wanauita Lady Banks hadi sasa.

Mwaridi ule ulienea bustani kwa bustani, ukafika Scotland. Huko ndiko alikotoka bibi harusi kijana, Mary Gee, aliyemfuata mumewe Tombstone. Tombstone ulikuwa mji wa machimbo ya fedha huko Arizona: vumbi, nyumba za mbao, na wanaume waliokuja kutafuta utajiri chini ya ardhi. Mary alifikia katika nyumba ya wageni iliyosimamiwa na mama mmoja, Amelia Adamson, na wawili hao wakawa marafiki. Siku moja likaja sanduku kutoka kwa jamaa zake Scotland. Ndani yake mlikuwa na mimea ya nyumbani, na pamoja nayo vipandikizi vya ule mwaridi mweupe. Wakakipanda kimoja uani mwaka 1885.

Mwaka uliofuata moto uliteketeza mitambo iliyokuwa ikivuta maji kutoka migodini. Maji yakapanda, uchimbaji ukadorora, watu wengi wakafunga mizigo na kuhama. Mwaridi haukuwa na pa kuhamia. Ukaendelea kukua. Sasa shina lake ni nene hata mtu mzima mmoja hawezi kulikumbatia, na matawi yake yamefunika zaidi ya mita za mraba 700, eneo linaloushinda uwanja wa mpira wa kikapu. Hutajwa kuwa mwaridi mkubwa kuliko yote duniani. Kila mwaka, Machi ikielekea Aprili, paa lote la matawi hugeuka jeupe.

Basi sikilizeni jambo linalonistaajabisha mimi kila nikilifikiria: mwaridi huo hauwezi kupanda popote kwa nguvu zake.

Itazameni mimea yetu inayopanda. Kunde za kutambaa hujizungusha kwenye mti. Mpasheni una vikono vyembamba vinavyojisokota kwenye waya hata ukitaka kuvitoa utavikata. Mpilipili manga, ule unaopandwa Zanzibar na milima ya Usambara, hutoa vijizizi kwenye shina na kushika gome la mti. Mwaridi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Una miiba tu, iliyopinda kuelekea chini. Tawi refu huchomoza, hulalia kichaka cha jirani, upepo ukivuma miiba inanasa, na tawi halirudi nyuma. Bogenvilia mnazoziona kwenye kuta za Lamu na Mji Mkongwe hupanda hivyohivyo. Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe aliyeandika kitabu kizima juu ya mimea inayopanda, aliwaona hawa wapandaji wa kunasa kuwa ndio dhaifu kuliko wenzao wote.

Na Lady Banks ule mweupe umezidi kwa udhaifu, maana karibu hauna miiba kabisa! Uache peke yake, utajilundika pale ulipo uwe kichaka kikubwa. Lile paa la Tombstone limejengwa na watu. Kizazi baada ya kizazi wamesimamisha nguzo, wakalaza mabomba na mbao juu ya nguzo, kisha wakayainua matawi na kuyalaza juu yake. Matawi yakirefuka, nguzo zinaongezwa.

Nimesema kuyalaza, na hapo ndipo ulipo ufundi wote wa mwaridi unaotambaa. Mtoto akijua hilo moja atakuwa na maua mengi kuliko mtu mzima mwenye mbolea ya kila namna.

Kwenye tawi la mwaridi, kila lilipo jani pana jicho, mfano wa macho ya muwa. Jicho hilo linaweza kuchipua likatoa kitawi chenye maua, au likalala tu miaka na miaka. Anayeamua ni ncha ya tawi. Ncha hutengeneza kemikali iitwayo oksini, nayo oksini hushuka chini kupitia tawi na kuyanyamazisha macho yaliyo chini yake. Ni sawa na sinia la familia ambalo mkubwa asipotosheka wadogo hawanyooshi mkono. Mwaka 1933 wanasayansi wawili, Kenneth Thimann na Folke Skoog, walilipima jambo hili huko California kwa mmea wa jamii ya maharage. Walipoikata ncha, macho ya chini yakachipua. Walipoikata na kuweka oksini juu ya kidonda, macho yakaendelea kulala ingawa ncha haikuwapo tena.

Tawi likisimama wima, ncha inatawala. Utapata tawi refu, uchi kiunoni, na kishada kimoja cha maua huko juu ambako hata kuyanusa huwezi. Tawi hilohilo ukilipinda taratibu mpaka lilale, au lielekee ubavuni, utawala wa ncha unapungua. Macho yanaamka mstari mzima, moja baada ya jingine, na kila moja linatoa kitawi kinachosimama na kuchanua. Tawi moja lililolala laweza kuwa ukanda wa maua mwanzo hadi mwisho. Hakuna kilichoongezwa, si maji wala samadi. Limepindwa tu!

Sasa tuutie ufundi huu mikononi. Ukutani, kwanza tunafunga nyaya. Mwaridi haugandi ukutani, na hata ungeganda tusingetaka, kwa sababu majani yasiyopata hewa hushikwa na ukungu ule mweupe unaofanana na unga. Nyaya zinapita kwa mlalo, moja juu ya nyingine, zikiachana sentimita 30 hadi 45, zikishikwa na misumari yenye pete inayoziweka mbali kidogo na ukuta. Shimo tunalichimba karibu nusu mita kutoka ukutani, si chini ya ukuta kabisa, kwani hapo mvua haifiki na udongo hukauka upesi. Tunachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, mmea tunauegemeza kuelekea ukutani, kisha matawi tunayatandaza kama vidole vya mkono uliofunguliwa: la kushoto kuelekea kushoto, la kulia kuelekea kulia, ya katikati yakiinama kila moja upande wake. La kupanda wima moja kwa moja lisiwepo.

Uzio ndio mahali pepesi kuliko pote, na mimi ningependa kila mtoto aanzie hapo. Uzio ni mfupi na mrefu kwa pamoja: mfupi kwenda juu, mrefu kwenda kando, na hivyo ndivyo mwaridi unavyotaka. Mnachukua tawi, mnalilaza kwenye ubao wa juu, mnalifunga, mnaendelea na jingine kwenye ubao wa chini.

Tao ni gumu kidogo, kwa kuwa nguzo zake zimesimama. Watu wengi hulipandisha tawi moja kwa moja mpaka juu, halafu wanashangaa kwamba miguu ya tao ni mitupu na maua yote yako kichwani. Lizungusheni tawi kwenye nguzo, lipande kwa mzunguko, mzunguko ukilala kadiri iwezekanavyo. Safari ya kwenda juu itakuwa ndefu, na katika kila mzunguko macho yataamka. Fanyeni hivyo tawi likiwa changa na laini. Likikomaa, linavunjika mikononi.

Fundo nalo lina adabu yake. Tumieni kamba laini ya katani au kitambaa kilichochanwa, mfunge kwa umbo la nambari nane, kamba ikijipinda kati ya tawi na waya, na mwache nafasi ya kidole kimoja. Tawi litanenepa. Kamba iliyokazwa leo italinyonga mwakani, na waya mtupu utalikata gome. Vaeni glavu nene, na kama hamna mwombeni mtu mzima ashike tawi ninyi mfunge.

Kabla ya kupanda, ulizeni mwaridi wenu hukua kiasi gani. Kule Gloucestershire, Uingereza, katika bustani ya Kiftsgate Court, mwanamke mmoja aitwaye Heather Muir alipanda mwaridi mwaka 1938 akidhani ni aina nyingine, ya kiasi. Ukapanda miti, ukaendelea kupanda, na sasa umepita mita 15 kwenda juu. Jina la bustani ndilo limekuwa jina la aina hiyo, Kiftsgate. Ni mzuri mno unapochanua mwezi wa Julai, lakini ukiuweka kwenye tao la mlango wa bustani ndogo, utaligandamiza tao mpaka chini. Kwa tao na uzio, tafuteni aina ambazo hukoma mita tatu, nne au tano.

Baada ya maua huja mkasi, na hapa nawaona wengine mnasita. Miwaridi mingi inayotambaa huchanua mara moja kwa mwaka, tena kwenye matawi yaliyomea mwaka uliotangulia. Ukikata kabla ya kuchanua, umekata maua. Subirini yamalizike, kisha yaondoeni mashina mawili matatu yaliyozeeka kuliko yote, chini kabisa karibu na ardhi, na mahali pake mlaze machipukizi mapya yaliyotoka mwaka huo. Lady Banks ni wa kupunguzwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa huchanua hata kwenye vitawi vya miaka miwili na mitatu; mnaondoa kilichokauka na kilichopita mpaka, basi.

Msiogope kwamba mkikata shina la zamani mmeuua mmea. Katika mji wa Hildesheim, Ujerumani, upo mwaridi wa mwituni unaopanda ukuta wa kanisa kuu, na wenyeji wanasimulia kwamba umekuwapo kwa miaka elfu moja. Tarehe 22 Machi 1945 mabomu ya vita yaliuchoma mji na kuliangusha kanisa. Matawi yote yaliungua. Mizizi ilikuwa hai chini ya kifusi, ikachipua upya, na mwaridi ukapanda tena ukuta uliojengwa upya. Uhai wa mwaridi umekaa chini, na shina la zamani linaloondolewa huipa mizizi nafasi ya kusukuma jipya.

Mnaokaa Limuru, Lushoto, Njombe au Kabale, ambako usiku mnajifunika blanketi zito, mnaweza kuujaribu mwaridi unaotambaa. Ninyi wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, joto lenu si rafiki wa aina nyingi za ukoo huu, kwa kuwa hutaka miezi ya baridi ndipo zitunge maua. Lakini bogenvilia mnayo, nayo hutii sheria ileile ya kulazwa.

Kwa hiyo ombeni ruhusa ya mwenye ua, mchague matawi mawili ya bogenvilia moja, yanayotoka shina moja, yenye urefu sawa, na yote mawili yapate jua. Moja mlifunge limesimama kwenye fito. La pili mlipinde polepole, kwa siku tatu nne ikiwa ni gumu, mpaka lilale juu ya ukuta au waya, mlifunge kwa fundo la nane. Chukueni daftari, mchore matawi yote mawili na macho yake, na kila Jumamosi mweke alama kwenye jicho lililochipua. Mvua ikikata na maua yakianza kuja, hesabuni vishada vya tawi la kwanza, kisha vya la pili, mje mniambie.