Kitabu Nilichokikuta Gikomba

Mwezi uliopita nilikwenda Nairobi kumjulia hali shangazi yangu, mkaazi wa Majengo, Pumwani. Siku ya pili nikashuka soko la Gikomba, si mbali na kwake, kutazama vitabu vya kale. Ulaya vitabu vya namna hiyo hufanyiwa maonyesho na kufungiwa makabati ya vioo. Huku Eastlands hutandazwa juu ya turubai, baina ya viatu vya mitumba na masufuria, na mnunuzi huinama.

Nami nikainama. Vilikuwapo vitabu vya shule vilivyopitwa na wakati, na riwaya za Kiingereza zisizo majalada. Kando niliona Qurani Takatifu, ile tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotolewa Nairobi mwaka 1969. Hiyo haikuwa chini. Kijana muuzaji alikuwa ameiweka juu ya kreti, pamoja na daftari jeusi lililoliwa na mende.

"Hivyo ni vya dini, mzee," akaniambia. "Sikutaka kuviweka chini."

Kijana yule hakuwa Mwislamu, lakini adabu alikuwa nayo.

Nikalifungua daftari. Hati ilikuwa ya Kiarabu, lakini maneno yalikuwa Kiswahili kitupu! Majina ya watoto waliozaliwa, tarehe za Hijria, dawa ya homa, na hesabu za madeni. Kijana akataka soo mbili, nami nikatoa shilingi 200 bila ya kupatana.

Msomaji, nina sababu. Babu yangu alipofariki aliacha kasha la vitabu nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Sisi wajukuu tulilitaka kasha, kwa kuwa lilikuwa na misumari ya shaba. Vitabu tukavitia guniani, na hakuna aliyeuliza vilikwenda wapi. Mkubwa wa wajukuu hao ni mimi.

Hasara ya namna hii si ya nyumba yetu peke yake. Wazee wa pwani waliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu zama nyingi kabla ya herufi za Kirumi kushika. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na leo mswada wake mashuhuri uko Hamburg, Ujerumani. Miswada mingine mingi iko London. Si haba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimehifadhi mingi, na ile ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha ili isipotee.

Lakini kuhifadhi ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine. Usiku ule nilimsomea shangazi hesabu za daftari, nikasema kuna mtu aliyedaiwa bata mia mbili. Shangazi akacheka hata machozi yakamtoka.

"Mwanangu, nani aliyefuga bata mia mbili? Hiyo ni mbata!"

Kumbe ni nazi kavu. Hati ya Kiarabu haina p wala mb, kwa hivyo herufi baa yaweza kuwa bata, pata au mbata. Anayejua ni yule aliyezaliwa ndani ya lugha na akafundishwa chuoni. Kule Kaloleni na Makadara ziko maktaba za umma, matawi ya ile McMillan iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, nazo zimekarabatiwa vizuri na shirika la Book Bunk. Nyumba ya vitabu ikichakaa hutengenezwa. Lakini shangazi akiondoka, nani atakayetuambia kama ni bata au mbata?

Nilikuwa nimekwisha kulifunga daftari ndani ya mkoba wangu. Shangazi akanyoosha mkono.

"Majina haya yana wenyewe," akasema. "Huenda watoto wao wako hapa hapa Majengo."

Asubuhi akampelekea mwalimu wa madrasa, aulizie baada ya sala ya Ijumaa. Nikarudi Mombasa mikono mitupu, wala sikunung'unika.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna kasha la marehemu, kabla ya kuliuza mwite mzee mmoja akusomee yaliyomo. Mimi nimekwisha kumpigia simu ndugu yangu mdogo kumuuliza habari za lile gunia. Anasema alilibeba mpambe wa duka, na jina lake bado analikumbuka. Kesho, inshallah, tutakwenda kumtafuta.