Jina la Muuzaji, Urefu wa Bomba: Kuitambua Tuba ya Mitumba Kabla ya Kuilipia Mtandaoni

Tuba ndiyo ala ya shaba yenye sauti nzito kuliko zote katika bendi, lakini neno hilo halitaji ala moja. Ni jina la ukoo wa ala zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa urefu wa bomba, na kwa sababu hiyo kwa sauti zinazotoka. Anayeikuta dukani huweza kuipuliza akaijua, ilhali anayeiona katika picha tatu au nne za mnada wa mtandaoni hana budi kuyategemea maneno ya muuzaji, ambaye mara nyingi ni mrithi wa mali ya marehemu, mtunza stoo wa shule iliyoifunga bendi yake, au mchuuzi wa mitumba ambaye hajawahi kupuliza chombo chochote. Watu hawa kwa kawaida hawana nia ya kudanganya. Huandika walichosikia au walichodhani, na kosa lililoandikwa kwa moyo mweupe ni gumu kulitilia shaka kuliko uongo wa tapeli.

Tuba ya kwanza ilipewa hataza mjini Berlin mwaka 1835, kwa kazi ya pamoja ya Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za kijeshi za Prussia, na fundi Johann Gottfried Moritz, nayo ilikuwa katika ufunguo wa F. Ndugu zake walifuata baadaye, na leo aina zinazouzwa sana ni nne: ya B-flati, ambayo bomba lake likinyooshwa hufikia takriban mita 5.5; ya C, mita 4.9, ya E-flati, mita 4.1, na ya F, mita 3.7. Vipimo hivi ni vya bomba kuu, bila kuhesabu vipande vya ziada vya vali, yaani vile vifaa vinavyobonyezwa kwa vidole ili kuipitisha pumzi katika njia ndefu zaidi na kuishusha sauti. Kimo cha ala iliyosimama hakisaidii sana, kwa kuwa bomba refu linaweza kukunjwa kwa kubanana na fupi likakunjwa kwa nafasi. Ndiyo maana tuba kubwa ya E-flati ya Kiingereza, yenye kinywa cha upana wa sentimita 48, huweza kuonekana pichani kubwa kuliko tuba ya B-flati iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule.

Lugha za matangazo huongeza mkanganyiko. Mjerumani anayeandika B-Tuba anamaanisha ala ya B-flati, kwa maana herufi B katika muziki wa Kijerumani ni B-flati, na B ya kawaida huitwa H. Mhispania anayetangaza bombardino anauza yufoniamu, ambayo bomba lake la mita 2.7 ni nusu tu ya lile la tuba ya B-flati na sauti yake iko juu kwa oktava nzima; wako wauzaji wa nchi nyingine wanaoiona yufoniamu hiyohiyo na kuiita tuba ndogo. Kifaransa kina mtego wake, kwani tuba ni pia mrija wa kuvutia hewa wa mpiga mbizi, na anayetafuta ala katika soko la Ufaransa hana budi kwanza kupekua miwani ya kuogelea. Kutoka Marekani huja pia ala za kubebwa begani, zilizotengenezwa kwa ajili ya bendi za mashindano ambazo kwa miongo mingi zilitumia ufunguo wa G. Ala hizo huwa za bei nafuu, nyingine zina vali mbili tu, na noti za tuba ya kawaida haziwezi kuchezwa juu yake bila kuandikwa upya.

Njia inayodhaniwa kuwa ya uhakika ni kumwomba muuzaji apulize bila kubonyeza vali, huku programu ya simu ikisoma sauti. Njia hiyo ni nzuri, ila ina shimo ambamo wengi hutumbukia. Bomba moja halitoi sauti moja. Hutoa mfululizo wa sauti asilia kadiri midomo inavyokazwa. Tuba ya B-flati hutoa B-flati ya hezi 58 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), kisha F ya hezi 87, kisha B-flati ya hezi 117. Tuba ya F huanza na F hiyohiyo ya hezi 87, ikifuatiwa na C ya hezi 131. Mtu asiye mpigaji akipuliza kwa nguvu akaipata F, ataandika kwa dhamiri safi kwamba tuba yake ni ya F, kumbe ni ya B-flati na yeye ameingilia mfululizo ngazi ya pili. Kwa hiyo mnunuzi aombe sauti mbili zinazofuatana: ikiwa baada ya F ile inakuja B-flati, jibu ni B-flati, ikija C, ni tuba ya F. Muuzaji asiyeweza kupuliza kabisa anaweza kuombwa alaze uzi juu ya bomba kuanzia kwenye kipulizio hadi ukingoni mwa kinywa, akiiruka mikunjo ya vali, kisha aupime kwa rula. Uzi hukosea kwa sentimita kadhaa kwenye kona, lakini kati ya F na B-flati kuna karibu mita mbili, na hata kati ya C na B-flati kuna zaidi ya nusu mita.

Kosa ambalo uzi hauwezi kulifichua ni la kiwango cha sauti. Mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ulikubaliana kwamba A ya kusawazishia iwe hezi 440, lakini bendi za shaba za Uingereza ziliendelea kutumia A ya karibu hezi 452.5 hadi miaka ya 1960. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya nusu toni, yaani kiasi cha kutosha kuiharibu bendi nzima na kidogo mno kwa jicho kukiona. Ili tuba ya B-flati ya zama hizo ishuke hadi 440, bomba lake linahitaji kuongezwa kiasi cha sentimita 16. Na kwa kuwa kipande cha kusawazishia, kile kinachovutwa ili kurefusha bomba, kina miguu miwili, kitavutwa sentimita 8 kila upande kama kina urefu huo, na bado mkunjo wa kila vali utadai nyongeza yake. Ala za zamani za Marekani mara nyingine hugongwa herufi HP kwa kiwango cha juu na LP kwa cha chini, alama ambazo muuzaji huzipita akidhani ni herufi za jina la mtu.

Jina la kiwanda nalo lisomwe kwa tahadhari. Kwa kawaida limechorwa kwenye kinywa, na kinywa ndicho sehemu inayobonyea na kubadilishwa mapema, hivyo jina linaweza kuhamia kwenye mwili wa tuba nyingine, huku namba ya mfululizo, ambayo mara nyingi iko kwenye vali, ikibaki kusimulia habari tofauti. Umaarufu wa York ya Marekani ulitokana hasa na tuba mbili za C za miaka ya 1930, mojawapo ikipigwa na Arnold Jacobs wa okestra ya Chicago. Lakini kiwanda hicho kilitengeneza pia ala nyingi za kawaida, na jina lake liliendelea kugongwa baadaye kwenye kazi za viwanda vingine. Anayelipa bei ya Jacobs kwa sababu ya herufi nne amenunua mbuzi kwenye gunia. Kinyume chake pia hutokea: mafundi wa Graslitz, mji wa Bohemia ambao leo huitwa Kraslice, walitengeneza ala zilizouzwa kwa majina ya waagizaji, na baadhi ya mafundi waliofukuzwa huko baada ya Vita vya Pili vya Dunia walianzisha Miraphone mwaka 1946, kwa hiyo tuba isiyo na jina kubwa yaweza kuwa kazi ya mikono ileile.

Ziko pia tuba za B-flati zilizokatwa na mafundi wa Marekani zikawa za C. Picha haisemi lolote kuhusu upasuaji huo, isipokuwa labda makovu ya lehemu kwenye viungo.

Suala la kuutambua ufunguo wa tuba linazigusa moja kwa moja bendi za Afrika Mashariki, kwa sababu mapokeo mawili yanakutana hapa. Jeshi la Wokovu linafuata utaratibu wa Kiingereza, ambamo tuba za E-flati na B-flati husomwa kwa mtindo mmoja wa noti na vidole vilevile, ilhali vikundi vya matarumbeta vya Kilutheri vimerithi utaratibu wa Kijerumani wa kusoma noti kama zinavyosikika. Mpigaji wa utaratibu wa Kiingereza akiletewa tuba ya F iliyotangazwa kuwa ya E-flati, akaisoma karatasi yake kama alivyozoea, sauti yake itakuwa juu ya wenzake kwa toni nzima. Kuishusha kunahitaji zaidi ya sentimita 40 za bomba, na kipande cha kusawazishia kitakuwa kimekwisha kuchomoka na kubaki mkononi kabla hata ya nusu ya urefu huo.