Wimbo unajulikana, mwenye wimbo hajulikani

Mwezi wa nane mwaka uliopita nilipanda basi dogo kutoka Katuba kwenda mjini Lubumbashi. Dereva aliweka wimbo, na gitaa lilipoanza tu nikatambua kuwa ni wangu. Nilimuuliza ni wa nani. Akajibu bila kugeuka: "Ile ni ya kijana moya wa Likasi." Nyuma yangu mama mmoja aliimba kiitikio chote. Mimi nililipa nauli, nikashuka kimya. Ningesema nini? Hata simu ya dereva haikuonyesha jina langu popote.

Wimbo huo ulinigharimu dola 120 za studio. Dola 80 nilizipata kwa kuwachapia wenzangu kazi zao za mwisho wa mwaka. 40 alinipa mama, ambaye anauza unga sokoni. Miezi sita baadaye nilikuwa sijapata hata dola moja. Nilidhani nimekosa pesa za kuutangaza. Siku ile ndani ya basi nilielewa kwamba wimbo ulikuwa umeshasafiri, ila ulisafiri bila mimi.

Katika makala haya nataka kueleza jambo moja: kwa msanii asiye na kampuni nyuma yake, kutangaza wimbo kunaanza na kuandika majina sawasawa. Wimbo usiomrudisha msikilizaji kwa mwenyewe, kadiri unavyousukuma ndivyo unavyozidi kukuacha. Na hiyo ni kazi ya lugha, ndiyo maana naileta katika kitivo chetu.

Zamani kazi hii ilifanywa na wengine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na santuri zikatoka kwa chapa ya Gallotone. Katikati ya santuri palikuwa na karatasi ya duara iliyoandikwa jina la wimbo na la mwimbaji. Leo karatasi ile imekuwa fomu ya kujaza kwenye simu, na anayeijaza ni msanii mwenyewe, mara nyingi usiku, kwa mega za kuhesabu. Mimi niliijaza kwa robo saa, na nikafanya makosa manne.

Kosa la kwanza ni jina langu. Kwenye fomu niliandika jina langu la usanii kwa c, mchoraji wa jalada akaweka k, na kwenye ukurasa wangu wa Facebook nilikuwa nimeligawa maneno mawili. Kwa jirani yangu ni jina lile lile. Kwa mashine ya kutafuta ni watu watatu, na hakuna hata mmoja mwenye wimbo wa pili.

Kosa la pili ni jina la wimbo. Kama mwanafunzi mzuri wa sarufi niliandika "Mtoto wa Katuba". Lakini ndani ya wimbo ninaimba "mutoto", kama tunavyosema wote hapa, na msikilizaji anaandika alichosikia. Waliotafuta "Mutoto" hawakunipata. Tena, kwa kuwa fomu ilikuwa ya Kifaransa, mahali pa kujaza lugha ya wimbo niliacha Kifaransa. Walimu wetu wanajua kwamba orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 inakipa Kiswahili cha Congo msimbo wake, swc. Fomu yangu haikuwa nao. Ilikuwa na "Kiswahili" tu, na hata hicho sikukichagua. Sasa jina la wimbo ni "Mutoto wa Katuba", na katika maelezo mafupi ninayowatumia watangazaji wa nje naandika Kiswahili sanifu, ili mtu wa Dar es Salaam au Nairobi asisumbuke. Kila tahajia ina msomaji wake.

Kosa la tatu ni faili. Niliituma kwa WhatsApp kama sauti, na simu za wenzangu zikaihifadhi kwa jina linaloanza na AUD na kuendelea na tarehe na namba. Hivyo ndivyo ilivyofika kwa dereva. Ukiituma kama hati, jina la faili linabaki: msanii, wimbo, mwaka. Ni tofauti ya kubonyeza mahali pengine tu.

Kosa la nne ndilo linaloniuma. Gitaa lile lilipigwa na yaya mmoja wa mtaani kwetu, na mdundo wake ndio uliozaa wimbo. Mahali pa watunzi nilijiandika mimi peke yangu. Aliposikia alikuja nyumbani, akaniuliza: "Mudogo, sasa mukono yangu ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Tukumbuke kwamba katika wimbo mmoja kuna haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na muziki, ambayo kwetu inasimamiwa na SOCODA, shirika lililoundwa mwaka 2011. Halafu kuna haki ya ile sauti iliyorekodiwa, ambayo pesa zake hupitia kwa msambazaji wa mtandaoni. Kabla ya kutoa wimbo, kaeni pamoja, andikeni kwenye karatasi moja nani ametunga nini na kila mmoja anapata sehemu gani, mtie sahihi. Karatasi hiyo haiharibu urafiki. Kukosekana kwake ndiko kunakouharibu.

Wapo watakaosema majina si kitu, muhimu ni pesa. Basi tutazame mabanga. Mwimbaji analipwa ili ataje ndani ya wimbo jina la mfanyabiashara au mwanasiasa. Neno ni la Kilingala, libanga, maana yake jiwe. Mimi niliahidiwa dola 100 na nikakataa, kwa sababu wimbo ule unamhusu mama yangu. Siwalaumu wanaopokea, maana studio haiwasubiri. Lakini mwenye pesa anajua anachonunua: jina lililotiwa ndani ya sauti halifutwi na simu yoyote. Mimi nililikataa jina lake, na langu pia sikulitaja.

Kurekebisha kuliwezekana. Kila rekodi hupewa msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12. Ukitoa toleo lile lile kwa majina yaliyosahihishwa, tumia msimbo ule ule, ili hesabu ya usikilizaji isianze upya. Toleo jipya, ambalo sauti yake imebadilika, linahitaji msimbo wake. Usitoe wimbo siku ile ile unapoupakia: Spotify, kwa mfano, inataka upendekeze wimbo kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla. Na usitegemee utajiri wa haraka: tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 haulipwi huko. Ndiyo maana watu mia moja wa Katuba wanaojua kuliandika jina lako wana faida kuliko elfu wanaoimba kiitikio na kukuita kijana wa Likasi.

Nimesahihisha fomu. Nimerekodi toleo la pili ambalo mwanzoni, kabla ya gitaa kuingia, nataja jina langu na la yaya. Karatasi ya mgawo nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akasahihisha herufi moja ya jina lake, kisha akatia sahihi. Dola 40 za mama bado sijazirudisha.