Majani Yakipukutika, Madeni Yalipwe

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza hurudisha saa nyuma, na watu wananuna. Majani yameloa njiani, yanateleza kama maganda ya ndizi. Sisi kina mama tunachekelea! Juni hapa London jua huzama saa 3 usiku na dakika kama 20. Nani atalipa siku zake za Ramadhani? Katikati ya Novemba Magharibi ni saa 10 na dakika kumi hivi. Tende mfukoni, nafuturu ndani ya basi na watoto wa shule. Mama kule Tanga haamini: “Saa kumi? Mwanangu, hiyo si Alasiri?” Nadaiwa siku 37, nyingi za mimba ya mwaka jana. Nimeshalipa 11, alhamdulillahi.