Karuta Kadogo, Keja Imejaa Wasee

Rieng ni hii: mathe amelipia waifai ya keja, mkanunua karuta kadogo kanaingia kwa mfuko, kwa boksi imeandikwa 150. Mwanzo net inachapa fiti. Shule zikifungwa, mabro na masista wako ndani, tivii imeingia, na vidio kol ya kazi inaanza kuhang. Kila mse anateta juu ya kampuni ya intaneti. Manze, mara mob shida iko kwa hako karuta.

Hiyo 150 ni megabiti kwa sekunde, lakini ni spidi ya kwa karatasi tu, ata hewa ikiwa haina fujo hauipati yote. Kwa keja ata nusu yake ni ngori kuiona. Karuta kako na redio moja, so simu zenu zinangoja zamu kama wapangaji kwa mfereji mmoja wa ploti. Na mse akiwa mbali uko balkoni, net yake inashika vibaya. Data yake inaenda mosmos, zamu yake inakuwa ndefu, na wote mnalag juu yake.

Halafu kuna majirani. Ruta mob za bei ya chini ziko kwa 2.4 GHz pekee, na uko chaneli hazigongani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Sasa cheki mtaa wa Pipeline hapo Nairobi, maghorofa yamebanana, karibu kila mlango na waifai yake. Zote zinapigania hizo tatu, na maikroweva ikiwashwa inaongeza fujo. 5 GHz iko na nafasi poa, ila ukuta wa mawe unaimaliza haraka.

Cheki pia mashimo za waya hapo nyuma ya ruta. Zikiwa za megabiti 100, ata ulipie pakeji ya 200, ingine yote haipiti. Na mkiongeza ripita ya redio moja ndio net ifike mbali? Inaskiza, kisha inarudia kwa chaneli hiyo hiyo, so spidi inakatwa karibu nusu.

So kabla muongeze pakeji, pima. Chomeka lapi kwa boksi ya faiba na waya, piga spidi testi. Rudia kwa waifai ukiwa kando ya ruta, alafu bedrum. Waya ikiwa chini, pigia kampuni. Waya ikiwa fiti na waifai imelala ata hapo kando, ruta ndio imeshindwa. Ikilala bedrum pekee, ni ukuta: toa ruta nyuma ya tivii, iweke juu, katikati ya keja. Tivii nayo ipee waya.

Karuta kadogo kanatosha mse mmoja kwa bedsita, na hapo kanaweza sana. Keja ya wasee sita inataka ruta ya bendi mbili. Nunueni hiyo mara moja, badala ya mathe kulipia kila mwezi spidi haiwafikii.