Kiti cha mama juu ya Bahari ya Atlantiki

Siku chache baada ya Maulidi walitujia ofisini ndugu wawili kutoka Geita. Ofisi ya kamati ya msikiti wetu hapa Shinyanga ni chumba kimoja chenye meza, kabati la madaftari ya michango na kompyuta. Kwa kuwa kompyuta hiyo ina intaneti, watu hutujia kwa mengi yasiyohusu msikiti moja kwa moja: fomu za pasipoti, matokeo ya mitihani ya watoto, na mara nyingine tiketi za ndege. Hawa walikuja kwa ajili ya tiketi, wakakaa kila mmoja upande wake wa meza, na hata salamu walitupa sisi tu.

Mama yao, jirani yetu aliyevuka miaka 70, alikuwa akienda Toronto, Kanada, kumwona binti yake aliyejifungua. Kaka mkubwa, mwajiriwa wa mgodi mkubwa wa Geita, ndiye angemsindikiza kwa likizo yake ya mwaka, kwani binti mwenyewe alisisitiza mama asisafiri bila maharimu. Mdogo ni mchimbaji mdogo kule Nyarugusu, na miezi michache kabla ya hapo duara lake lilikuwa limetoa dhahabu. Yeye ndiye mlipaji.

Shauri lilikuwa hili. Mdogo alitaka mama apande daraja la biashara, lile ambalo kiti hulazwa kikawa kitanda. "Mayu amelala chini miaka yote akitulea," alisema, "mara hii alale angani." Mkubwa akajibu kwamba tiketi ya kawaida inamfikisha mtu Toronto kwa saa zile zile, na kwamba fedha zitakazobaki ziezeke paa la madrasa.

Hapo tulijikuta katika mtihani, maana paa hilo ni letu, nasi ndio tunaolitangazia michango kila Ijumaa. Katibu mwenye paa linalovuja si msuluhishi safi katika shauri la namna hii, tukawaambia hivyo waziwazi kabla ya kuendelea. Kisha tukamuuliza mdogo jambo ambalo kila mchimbaji wa Kiislamu katika ukanda huu hupaswa kujiuliza mwanzo: je, zaka ya machimbo imetoka? Katika madhehebu yetu ya Shafii, dhahabu ya ardhini ikifika nisabu hutolewa robo ya ushuri, yaani 2.5 kwa mia, pale inapopatikana, bila kungoja mwaka uzunguke. Alituonyesha daftari lake. Imetoka. Hakuwa na deni, na ada za watoto zilikuwa zimelipwa. Basi tukafungua kompyuta.

Usiku ule ndipo tulipokutana na kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa akikijua vizuri: daraja la tatu lililo baina ya yale mawili. Kwenye tiketi huandikwa Premium Economy au jina jingine la shirika lenyewe. Sisi tutaliita daraja la kati. Kwa sisi tunaopanda ndege kwenda Dar es Salaam, au Jidda kwa Hija na Umra, si ajabu kutolijua. Ndege za Dreamliner za Air Tanzania, zile kubwa zenye viti 262, zimegawanywa sehemu mbili tu: viti 22 vya biashara na 240 vya kawaida. Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018 kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, ilianza safari hizo kwa ndege zenye viti 30 vya biashara na 204 vya kawaida, na abiria wa kawaida hukaa humo saa zipatazo 15. Daraja la kati lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa mashirika ya EVA Air ya Taiwan na Virgin Atlantic ya Uingereza. British Airways walilifuata mwaka 2000. Emirates na KLM, yanayojulikana zaidi kwetu, waliliingiza sokoni mwaka 2022.

Mtu anunuapo kiti hicho ananunua nini hasa? Ananunua nafasi. Katika daraja la kawaida, kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kiti kilicho mbele yake huwa ni sentimita 80 hivi. Katika daraja la kati huwa kati ya 97 na 102. Kiti chenyewe huwa kipana zaidi kwa sentimita chache, huegemea nyuma zaidi, na mara nyingi kina pa kuegeshea miguu. Ndani ya Boeing 777 ya siku hizi, safu inayobeba watu kumi nyuma hubeba wanane katika daraja la kati. Lakini hakigeuki kitanda. Anayeahidiwa kulala kama nyumbani amedanganywa. Kuhusu bei, usiku ule tulikiona kikiwa baina ya mara moja na nusu na mara mbili ya kiti cha kawaida, ilhali cha biashara kilipita mara nne.

Mdogo alipoona hivyo alipiga meza. "Basi Qur'ani imeshasema! Matumizi ya kati!" Tulicheka sote, hata kaka yake, na huo ukawa mwanzo wa wao kusemezana. Alikuwa akiikusudia aya ya 67 ya Suratul Furqan, inayosifu matumizi ya wastani. Ikabidi tumweleze kwamba wastani haupimwi kwa kuhesabu viti vya ndege. Kiti cha kawaida chaweza kuwa israfu kwa mtu anayekopa ili akaonekane Ulaya, na kiti cha biashara chaweza kuwa haki kwa mgonjwa ambaye mtoto wake ana uwezo. Wanazuoni huangalia uwezo wa mtoaji, haja ya mpewaji, na nia iliyo moyoni. Na nia katika ukanda wetu huu wa dhahabu ni jambo la kuchungwa sana. Tumewaona vijana ambao duara likitoa leo, kesho mji mzima unajua kwa magari na makelele, na baada ya miezi sita wanarudi kuomba nauli. Tulimuuliza ndugu yetu swali moja: kama hakuna mtu yeyote Nyarugusu atakayejua mama amepanda daraja gani, bado ungelipia? Alinyamaza kidogo, akasema angelipia cha kati.

Haja nayo ilikuwapo. Mama ana kisukari, na magoti yake huvimba. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba mtu akikaa saa 4 au zaidi bila kujinyoosha, iwe katika ndege, basi, treni au gari, hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa huongezeka takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, takriban mmoja kati ya 6,000, ila kwa mzee mwenye maradhi mambo ni mengine na daktari wake aulizwe kabla ya safari. Wasafiri wetu wa mabasi ya Dar es Salaam, takriban kilomita 1,000 za kukaa, wanazijua vyema hizo nyayo zisizoingia tena viatuni. Kiti kipana husaidia miguu kusogea, lakini hakisogezi miguu: mwenye kiti cha kati asiyeinuka hana kinga kuliko mwenye kiti cha kawaida anayetembea kila baada ya saa mbili.

Tulikata shauri: mama daraja la kati, kaka daraja la kawaida. Tuliomba kiti cha magurudumu cha uwanjani, ambacho mashirika hutoa bila malipo mkiomba mapema, saa 48 kabla. Tuliagiza chakula cha Kiislamu, nacho huombwa angalau siku moja kabla. Kwenye tiketi huonekana kwa herufi MOML, na asiyeagiza asilaumu. Tukamkumbusha kaka amwonye mama kuhusu kitu kimoja: katika daraja la kati mashirika mengi ya Ulaya humkaribisha abiria kwa bilauri ya kinywaji chenye mapovu kama soda, nacho ni mvinyo.

Kuhusu swala tulichora mpango mzima kwenye karatasi, na hili tunaona fahari nalo kidogo. Ndege itokayo Ulaya kwenda Kanada hulikimbilia jua: ukiondoka saa saba mchana, ukasafiri saa nane, saa ya Toronto itakuonyesha saa tisa alasiri, kwa kuwa wako nyuma kwa saa sita. Hivyo msafiri aweza kuichelewesha Adhuhuri akaikusanya na Alasiri nchi kavu. Kurudi ni kinyume. Ndege huondoka jioni na usiku hufupishwa. Maghrib na Isha zaweza kukusanywa uwanjani iwapo jua limeshazama, ila Alfajiri huingia ndege ikiwa angali juu, wakati mwili unadhani ni usiku wa manane. Kusimama ni nguzo kwa mwenye kuweza, na kisa cha sahaba Imran bin Huswain kinajulikana: asiyeweza kusimama huswali ameketi. Katika daraja la kati kuna nafasi kidogo zaidi ya kusimama mbele ya kiti. Na wakati wa kurudi, pua ya ndege huwa imeelekea upande unaokaribiana na kibla, jambo lililomfurahisha mama kuliko habari zote za viti.

Walisafiri. Kaka alilala kwetu Shinyanga, wakaamkia Mwanza kwa gari pamoja na mama. Mdogo alitokea Geita kuwaaga uwanjani, akipitia daraja jipya la Kigongo–Busisi, lile la takriban kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025, bila kupanga foleni ya kivuko.

Sasa tunafika kwenye kosa letu. Tiketi ile ilikuwa na vipande vitatu: Mwanza hadi Dar es Salaam, Dar es Salaam hadi Ulaya, na Ulaya hadi Toronto. Sisi tuliona neno la daraja la kati juu ya ukurasa, tukaona limeenea pote. Kumbe lilihusu kipande cha tatu tu. Usiku mzima kutoka Dar es Salaam mama alikaa katika kiti cha kawaida, tena cha katikati ya watu wawili, na alipoteremka Ulaya vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba hata kiti cha magurudumu kikawa rehema. Kaka alitupigia simu kutoka huko. Hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi. Tunawaomba wasomaji: msisome kichwa cha tiketi. Someni kila kipande peke yake, namba ya ndege kwa namba ya ndege, na mkiona daraja limebadilika njiani, ulizeni kabla ya kulipa.

Juu ya Atlantiki nako likatokea ambalo hatukuliwaza. Kiti kilikuwa kizuri, miguu ilipata pa kunyooka. Lakini kaka alikuwa nyuma ya pazia, safu nyingi, na mama hajui Kiingereza. Aliona haya kuwaita wahudumu kwa ishara, kwa hiyo hakuomba maji, na kwa kuwa hakujua choo kiko wapi, hata yale aliyopewa hakuyanywa. Kaka alikuja mara mbili. Mara ya tatu ndege ilikuwa ikitikisika na abiria wote walitakiwa kubaki vitini. Saa nane hizo, mama alituambia baadaye, alizimaliza kwa tasbihi, akiwa na nafasi ya kutosha na hana wa kusema naye.

Tulipokaa ofisini tulipima sentimita, bei na hukumu, wala hatukuuliza atakaa karibu na nani. Mzee asiyejua lugha ya wahudumu, kiti chembamba kando ya mwanawe chaweza kumfaa kuliko kipana kando ya mgeni. Kama fedha zinatosha kiti kimoja tu cha kati, familia ifikirie kwanza viti viwili vya kawaida vilivyo pamoja, kimoja cha ujiani ili mzee ainuke bila kumwomba mtu ruhusa.

Walikaa Toronto wiki sita. Tiketi ya kurudi ilikuwa ile ile. Tulikuwa tumeanza kuulizia namna ya kubadilisha kiti cha mama kiwe nyuma karibu na mwanawe, kaka akatuandikia tuache. Mama ndiye aliyetusimulia yaliyotokea, alipokuja kutuletea tende na picha za mjukuu. Jioni ile uwanjani, mwanawe mkubwa, yule wa tiketi ya kawaida inatosha, alisimama muda mrefu kwenye kaunta, akatoa kadi yake ya benki, akarudi na karatasi mpya ya kupandia ndege. Alikaa kando yake usiku wote. Alfajiri walipeana zamu: mmoja anaswali, mwingine amesogeza miguu kumpisha.

Mdogo wake, aliyekuwa ameketi nasi akisikiliza, alimuuliza amelipa kiasi gani. Hakusema, nasi hatukumuuliza.